Mikono Isiyosikia Moto

Kwa miaka thelathini na moja yule mama alipiga pasi kwenye dobi ile ile, nyuma ya posta, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Wote walimwita Marinda. Ulikuwa ukimpa sketi yenye marinda arobaini, imetoka kwenye mashine ya kufulia imekunjamana kama uso wa mtoto anayelia, anakurudishia marinda arobaini yamesimama mstari, kila moja na upana wake. Hilo halikuwa na ubishi. Mwenyewe alilijua vizuri, na hakuwa mtu wa kujifanya hajui.

Sasa, katika chumba cha pasi kulikuwa na bomba la chuma lililopita juu ya vichwa vya watu, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo zilipotundikwa nguo ndefu zote: mapazia, makoti, magauni ya harusi. Liliwekwa juu makusudi, maana gauni la bibi harusi likigusa sakafu umekwisha, utaeleza nini? Kistuli kiliwahi kuwepo. Mpiga pasi mmoja akaanguka nacho akiwa amekumbatia pazia, na tangu siku hiyo vistuli vikapigwa marufuku. Kwa hiyo kila mtu alitundika kwa urefu wake mwenyewe: mkono wa kulia unashika ndoano ya hanga na kupanda nayo, wa kushoto unabeba mkia wa nguo.

Mkono wa kulia wa Marinda ndio uliokataa kupanda. Ulianza na maumivu madogo begani, akayasingizia godoro. Halafu akashindwa kujichana nywele, ikabidi wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyekuwa akiishi naye, amchane kila asubuhi huku akimtania kwamba amepata bibi harusi wa miaka hamsini na minane. Marinda alikuwa akijikaza kisabuni. Kazini hakumwambia mtu. Akajikaza, akajikaza, mpaka siku moja mchana akiwa anainua gauni jeupe, mkono ukafika usawa wa sikio ukagoma. Si kwamba uliuma tu. Uligoma kabisa, na gauni likaporomoka kwenye maji yaliyotuama sakafuni. Alipogeuka, Bosi Mdogo alikuwa mlangoni anatazama.

Huyu Bosi Mdogo alikuwa na miaka arobaini na kitambi, lakini kwa kuwa baba yake ndiye aliyeianzisha dobi, na Marinda alimwona akiwa bado anavaa kaptura, udogo haukumtoka. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita. Mtoto alikuja na kompyuta, na utaratibu, na tabia ya kuzungumza na watu huku anatazama simu.

"Mama, nakuhamishia mapokezi," alisema. "Utakaa kwenye kiti, unapokea nguo, unabandika tiketi. Kazi nyepesi."

"Kiti nimekuomba?"

"Mkono wako haupandi."

"Utapanda."

"Lini?"

"Nipe wiki sita."

Bosi Mdogo akaitazama simu yake, labda humo ndimo wiki zilimokaa. "Jumatatu, wiki ya sita ikiisha, saa sita mchana. Utatundika gauni kwenye chuma mbele yangu. Ukishindwa, mapokezi, na sitaki kelele."

"Nikiweza je?"

"Ukiweza, unabaki hapo hapo."

"Mpaka nitakapotaka mwenyewe kuondoka. Liseme hilo mbele ya watu."

Akalisema, kwa shingo upande. Wapiga pasi saba walilisikia, na Mzee wa Suruali, ambaye hakuwahi kupiga pasi kitu kingine zaidi ya suruali kwa sababu alisema mengine ni mapambo, alilirudia kwa sauti ili lisipotee.

Tuseme ukweli, Marinda aliogopa. Si kiti alichokiogopa. Alijua kitakachofuata: atakaa pale mbele akizikabidhi nguo zilizonyooshwa na mtu mwingine, na mteja atasema kazi nzuri, naye itambidi aseme ahsante kwa kazi isiyo yake. Afadhali wangemfukuza. Alirudi nyumbani siku hiyo na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

Kwenye zahanati alimkuta mtaalamu wa viungo, binti mwenye nywele fupi na sauti ya taratibu mno. Yule binti akaugeuza mkono huku na huku, akasema bega limeganda, ni jambo la kawaida kwa wanawake wa umri wake. "Linafunguka, mama, lakini lina masharti. Kwanza unalipasha moto. Taulo lililochovywa maji ya moto, likakamuliwa, robo saa. Halafu ndiyo unanyoosha, pole pole. Usilivute likiwa baridi."

Mtu husikia anachotaka. Marinda alisikia neno moja tu, nyoosha. Kupasha moto aliona ni mambo ya kudekezana. Jioni hiyo hiyo akafunga mkanda wa koti kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, akaupitisha juu ya mlango, akashika ncha ya upande wa pili kwa mkono mgonjwa, na kwa mguu akausukuma mlango. Bega likatoa mlio. Akaona nyota. Alikaa chini kwenye vigae, jasho linamtoka, na wifi yake akaja na miwani yake puani kutazama nani ameanguka.

Huyu wifi alikuwa akifuma masweta kwa mashine katika chumba cha mbele, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zote alizonazo. Aliutazama mkanda, akautazama mlango, akamtazama aliyekaa chini.

"Wifi, nikuulize," alisema. "Mteja akikuletea sweta la sufu limerudi ndani, limekuwa la mtoto. Unalifanyaje?"

"Naliweka kwenye mvuke."

"Kwa nini usilikamate huku na huku ukalivuta tu?"

"Litapasuka."

"Ahaa," alisema wifi, akarudi kwenye mashine yake.

Marinda alibaki pale sakafuni akiwa amekasirika kwelikweli. Kumpa wifi haki yake ni jambo zito, zito kuliko bega. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuvuta nyuzi bila kuzilainisha kwanza. Angemwona mtu akifanya hivyo angemtoa chumbani. Halafu mwili wake mwenyewe anautendea vile ambavyo asingelitendea sweta la mteja.

Kwa hiyo kesho yake akachemsha maji, akachovya taulo, akalikamua. Mwingine angelikamua kwa kijiti. Yeye alilikamua kwa mikono, kama anakamua leso, akalipima kwa viganja, viganja vikamwambia joto la kawaida tu. Akalitandaza begani.

Majirani walisikia. Alilitupa taulo likafika kwenye beseni la vyombo, na begani kukabaki wekundu na malengelenge matatu yenye ukubwa wa vifungo vya koti. Binti wa zahanati aliyatazama kwa karibu.

"Nani alilipima taulo?"

"Mimi."

Binti akaondoka, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa chai ya moto, amekishika kwa kitambaa. Akakiweka katika viganja vya Marinda. "Vipi?"

"Vuguvugu."

Yule binti akakigusa kwa kidole, akakiondoa haraka, akapuliza kidole. "Mama, viganja vyako vimestaafu kabla yako," alisema. "Miaka yote ya kushika vitambaa vya moto, havisikii tena. Bega linasikia. Kuanzia leo taulo alipime mtu mwingine, tena kwa ndani ya mkono, hapa penye ngozi laini. Na ngoja haya yapone kwanza."

Basi wiki ya pili ikapotea kwa malengelenge. Na mtu mwingine huyo angekuwa nani ndani ya nyumba ile? Wifi. Marinda alizunguka siku mbili nzima akitafuta namna ya kumwomba bila kuomba. Mwishowe akamwendea na taulo linafuka, akalinyoosha mbele yake, hakusema kitu. Wifi akavua miwani, akakunja mkono wa gauni, akaligusisha taulo ndani ya kiwiko.

"Bado. Hili litakubabua." Akangoja. "Bado." Akangoja tena. "Haya, lete bega, jeuri wewe."

Kuanzia hapo ikawa kazi ya asubuhi na jioni. Robo saa ya taulo, wifi akilibadilisha likipoa, huku akisimulia ya mtaa mzima. Bega likishalegea, Marinda alisimama mbele ya ukuta wa jikoni na kuupandisha mkono kwa vidole, kidole kikifuata kidole, mpaka pale unapokataa. Hapo alikuwa haulazimishi. Alitoa pumzi, akangoja, mkono ukampa kidogo zaidi, akaushusha. Wifi alitia alama kwa chaki ya fundi. Siku ya kwanza alama ilikuwa usawa wa kidevu. Wiki iliyofuata ikapita sikio. Kuna siku ilirudi chini upana wa vidole viwili, na Marinda akakataa kula kwa hasira, na wifi akamla kwa maneno mpaka akala. Wiki ya sita alama ikasimama juu ya utosi, kwenye mstari ambao Marinda mwenyewe alikuwa ameupima kazini kwa futi, urefu wa lile bomba la chuma. Aliugusa mara tatu jioni ya Jumapili. Mara tatu, wifi ni shahidi.

Wakapanga. Jumatatu, kabla ya saa sita, wifi atakuja dobi na taulo na chupa ya maji ya moto. Kila kitu tayari.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, chumba cha pasi kikiwa bado na ubaridi wa usiku na mashine kubwa ya mvuke ndiyo kwanza imewashwa, Bosi Mdogo akaingia na funguo za gari mkononi.

"Mama, tufanye sasa hivi. Nasafiri saa mbili."

"Tulisema saa sita."

"Saa ni saa. Mkono mzima hauchagui saa."

Gauni lilikuwa tayari mezani, limenyooshwa tangu Jumamosi, zito, na mkia wake umekunjwa mara nne. Marinda akalishika hanga. Alilishika kweli, tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao wakati huo. Alitaka kuinua, amalize, amfumbe mdomo. Mkono ukafika kifuani, na kule ndani ya bega akausikia ule ugumu wa asubuhi, kama kitasa chenye kutu. Akajua kitakachotokea. Utafika sikioni, utagoma, gauni litashuka, na mapokezi yatakuwa halali yake.

Akalirudisha gauni mezani. "Siinui."

"Basi umeshindwa, mama. Usinilaumu."

"Sijashindwa. Nimesema siinui baridi." Akaigeukia mashine ya mvuke, iliyokuwa ikigugumia kwenye kona. "Ile imewashwa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," akajibu Mzee wa Suruali, bila kuulizwa.

"Bosi, vua koti lako uliweke pale. Tukupigie pasi."

"Si bado haijapata moto?"

"Kwa hiyo ni mbovu? Tuipeleke kwenye vyuma chakavu?" Marinda hakupaza sauti. "Kila siku ya Mungu tunaisubiri mashine ile robo saa ndipo itukubalie. Baba yako aliisubiri. Wewe unaisubiri. Hakuna hata siku moja mtu alisema mashine imezeeka, iende ikakae kwenye kiti. Mimi nimeinyooshea dobi hii magauni kabla wewe hujajua kufunga tai. Utanisubiri robo saa. Usiponisubiri, ondoka na safari yako, lakini usiseme nimeshindwa, kwa sababu mbele ya hawa wote utakuwa umesema uongo."

Dada wa Mashati, aliyekuwa mpole kuliko wote na hakuwahi kusema neno mbele ya bosi, akazima pasi yake ndogo na kukunja mikono. Wengine nao wakakunja. Mzee wa Suruali akakohoa ndani ya kiganja, na kikohozi chenyewe kilikuwa na kicheko ndani yake.

Bosi Mdogo akatazama simu. "Nusu saa," alisema.

Marinda akachukua taulo jipya kwenye rafu, akalilowesha, akalikamua, akalikunja na kulilaza kwenye mashine. Ilipopata moto akakanyaga pedali, mvuke ukalipanda taulo kwa kishindo. Akalinyanyua linafuka. Hapo ndipo alipokumbuka. Wifi yuko nyumbani, anafuma, anajua ni saa sita.

"Nishikieni hili," alisema. "Mniambie."

Mzee wa Suruali akalishika kwa mikono miwili. "Vuguvugu."

Dada wa Mashati akalipokea. "Mbona limepoa?"

Likapita mikono saba, na mvuke bado unapanda mpaka kwenye dari. Kila mmoja alisema yake, na aliyesema kali kuliko wote alisema lina joto kiasi. Wapiga pasi saba, na katika viganja kumi na vinne hakukuwa na hata kimoja kilichosalia na akili ya moto. Wakajaribu kwa ndani ya kiwiko. Huko nako kumejaa makovu ya miaka, pasi huwa haichagui. Dakika zinakwenda. Marinda aliyakumbuka yale malengelenge, akakumbuka na wiki aliyoipoteza.

Halafu akaiona mikono iliyoshika funguo za gari. Ilikuwa myeupe viganjani, laini, na kucha zimekatwa vizuri.

"Bosi, njoo."

"Mimi?"

"Humu ndani wewe peke yako hujawahi kupiga pasi hata leso. Shika."

Sijui kwa nini alikubali. Huenda ni ile sauti, aliyoizoea tangu enzi za kaptura. Akaweka funguo mezani, akashika taulo, akaliachia hapo hapo na kuruka nyuma. "Mama, hili si linaunguza?"

"Ahsante. Kunja mkono wa shati. Utaligusisha hapa, ndani ya kiwiko, uniambie likiwa sawa."

Akakunja. Akagusa: bado. Wakangoja. Akagusa: bado kidogo. Mara ya tatu akaliacha juu ya ngozi, akafikiri, uso wake umekaza kama anayefanya mtihani. "Hapa sawa."

"Una hakika? Hili ni bega langu, si meza."

"Nina hakika, mama."

Marinda akakaa, akampa mgongo. Bosi akamtandazia taulo juu ya blauzi, na kwa kuwa lilikuwa linateleza ikabidi alishikilie. Simu yake ikaita mfukoni. Ikaita mpaka ikachoka. Likapoa, akalipeleka kwenye mvuke mwenyewe, akalipima mwenyewe, akalirudisha. Robo saa nzima hakuna aliyefanya kazi chumbani humo. Joto likashuka begani taratibu, likaingia ndani kule penye kutu, na Marinda akaisikia nyama ikianza kuachia.

Akasimama. Akauendea ukuta, akapanda kwa vidole, akashuka, akapanda tena. Akaliendea gauni.

Ndoano mkono wa kulia, mkia mkono wa kushoto. Kifuani. Kidevuni. Sikioni, pale pale palipomuaibisha, mkono ukasimama. Kila mtu aliona umesimama. Dada wa Mashati akafumba macho. Marinda hakuuvuta. Alitoa pumzi, ndefu, akangoja kama alivyongoja mbele ya ukuta wa jikoni asubuhi zote zile, na gauni lote lile limening'inia mkononi. Ukampa kidogo. Akapumua tena. Ukapita sikio, ukapita utosi, na ndoano ikagonga chuma, ikakaa.

Hakuushusha mkono. Aliuacha pale juu, umeshika bomba.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Tazama vizuri. Usije kesho ukasema hukuona."

"Nimeona. Unabaki."

Ndipo akaushusha, na machozi yakamtoka mbele ya watu, jambo lililomuudhi sana, akayafuta kwa lile taulo. Mzee wa Suruali akatangaza kwamba sasa mashine imepata moto, watu wafanye kazi. Bosi Mdogo akachukua funguo zake, akaanza kuelekea mlangoni, mkono mmoja wa shati bado umekunjwa.

"Unarudi lini?" Marinda alimuuliza.

"Kesho kutwa."

"Vizuri. Bega hili huganda kila asubuhi, na wifi yangu ana kazi zake. Kesho kutwa, saa moja na nusu."

Alicheka, akidhani ni utani, akaenda zake.

Siku aliyorudi aliingia saa moja na dakika arobaini. Mashine ilikuwa inafuka. Marinda amekaa kwenye kiti, mgongo mlangoni. Nyuma yake kwenye benchi wamepanga foleni Dada wa Mashati na shingo yake, Mzee wa Suruali na kiuno chake, na wengine watatu, kila mmoja na taulo mapajani.

"Umechelewa," alisema Marinda, bila kugeuka. "Kunja shati."